Duara la Kisahani Lililopigwa Niru

Duara la kurushia kisahani lina upana wa mita mbili na nusu. Nimelipima mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na shahidi, kwa hiyo kwa hilo sibishani na mtu. Mengine yote ya msimu ule naweza kubishana, hasa kuhusu nani aliyesema sakafu ipigwe niru, ile saruji ya kung'arishwa, lakini upana hapana.

Tulikuwa Dodoma, katika ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Saruji, iliyokuwa ikitafutwa kwa kibali chenye mihuri mitatu, sasa ilipangwa kwenye baraza za maduka ya Chang'ombe, mfuko juu ya mfuko, na kuku wakilala juu yake. Sisi watu wa ugavi, ambao heshima yetu yote ilitokana na kujua kisichopatikana kinapatikana wapi, tukaanza kusalimiwa kama watu wa kawaida. Iliniuma kidogo, nisiseme uongo.

Ofisi yetu ilikuwa ya serikali, na nyuma yake kulikuwa na kiwanja cha michezo ya watumishi. Mpira tulikuwa tukifungwa, netiboli tulikuwa tukifungwa kwa heshima, ila kwenye kisahani tulikuwa na mtu. Alikuwa mpiga chapa wetu, mama wa Kigogo kutoka Kongwa, mwenye mabega ya kubebea ofisi nzima na vidole vya kupiga kurasa kumi kabla ya chai. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata hatujajuana. Siku yangu ya kwanza kazini aliniuliza kama mzigo wa kichwani nimekuja nao au nimeutua njiani. Nikamjibu kwamba niliutua kwao, babu zake waliponidai ushuru wa maji. Tangu siku hiyo hatukuitana jina lingine ila mtani.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, mchujo wa mkoa ulifanyika kwenye kiwanja chetu. Ulifanyika katikati ya mvua, kwa sababu ratiba ilipangwa na watu wa mahali ambako mvua zao hunyesha miezi mingine. Duara lilikuwa udongo mtupu uliozungushiwa mstari wa majivu. Mtani akaingia, akazunguka, mguu wa kulia ukabaki Dodoma na wa kushoto ukaanza safari ya Kongwa. Goti likavimba. Daktari alimwambia likizunguka vibaya mara nyingine, kisahani atakuwa anakitazama tu. Wiki tatu alipiga chapa mguu ukiwa juu ya katoni ya karatasi. Tulicheka, lakini baada ya kuhakikisha anacheka yeye kwanza.

Lazima nieleze kilichokuwa kinamsumbua, maana utani wetu unaweza kumfanya mtu adhani hakikuwepo. Katika mchujo ule, wa kwanza na wa pili ndio walioingia timu ya mkoa na kwenda kwenye michezo ya taifa. Yeye miaka mitatu alikuwa wa tatu. Mwaka wa nne ukawa wa goti. Sasa ulikuwa unakuja wa tano, na mwenyewe alishajipigia hesabu: "Mwakani watanipa kushika ncha ya futi kamba na kuwapimia wasichana."

Mkuu wa utawala aliniita akaniambia nishughulikie duara, maana mchujo ulikuwa unarudi kwetu. "Wewe si unajua kupata vitu?" alisema. Hakutaja vitu hivyo vitapatikana kwa fedha gani, kwa kuwa fungu la michezo lilikuwa limeishia kwenye jezi.

Nikaenda kwa mtani kumpa habari njema. Alikuwa anabadilisha utepe wa mashine, hakuinua macho.

"Mtani, mimi sitaki kikombe. Nataka mahali pa kusimama."

"Utapata."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha. Naapa."

"Wewe ukiapa kwa mdomo huwa unaacha nafasi ya kupunguza. Sema, siku duara likilowa, nani ataingia kwanza azunguke?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akapachika karatasi mbili na kaboni katikati, akapiga: Mimi, ofisa ugavi, nitazunguka mara mbili kwenye duara lililolowa kabla ya mrushaji kuingia. Nikatia saini. Nakala moja alinipa, moja akaifungia kwenye faili, akaandika na namba ya faili.

Saruji niliifuata kwa mfanyabiashara mmoja wa Chang'ombe, mtu wa milima ya Kondoa, mwenye kofia safi na daftari asilolifungua mbele ya mteja. Alikuwa anauza saruji upande mmoja na mitumba upande wa pili, na ukimkuta katikati hujui akuuzie koti au nyumba. Nilijua shida yake. Alitaka leseni ya duka la pili, na barua zake za mkono zilikuwa zinarudishwa kila mara kwamba hazisomeki.

"Mifuko mitatu," nikamwambia. "Utapigiwa barua zako zote kwa mashine, safi, hata mkubwa akiisoma gizani."

"Barua ni ngapi?"

"Wewe unazo ngapi?"

"Sita."

"Basi barua mbili kwa mfuko."

"Karatasi mbili kwa mfuko wa saruji! Bwana mkubwa, umeamkaje leo?"

"Kila barua ina nakala tatu. Sita mara tatu, kumi na nane. Unapata karatasi kumi na nane kwa mifuko mitatu, na bado unalalamika."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Wewe ukinihesabia nakala, mimi nitakuhesabia punje." Tukakubaliana, ila mfuko wa tatu ulikuwa umetoboka. Yeye aliuhesabu mzima, mimi niliuhesabu nusu, na baada ya vikombe viwili vya kahawa tukauita mfuko uliopungua kidogo, akaniongezea turubai kuukuu la kufidia.

Mkuu wa utawala aliruhusu mashine itumike baada ya saa za kazi. Mtani alipoambiwa, alinyoosha vidole mbele yangu.

"Kwa hiyo duara ulilonipa wewe, nalilipia mimi kwa vidole vyangu?"

"Goti ni la nani?"

Akapiga barua zote sita. Kisha akachukua likizo yake akaenda Kongwa kumsaidia mama yake kupalilia karanga. Nilimwambia asijichoshe sana na karanga za Kongwa, Waingereza walishajaribu wakashindwa. Alinijibu kwamba Waingereza hawakuwa na mama wa kuwasimamia.

Hapa ndipo ulipofanyika ule upuuzi, na ulifanyika bila yeye kuwepo, ndiyo maana ulifika mbali.

Nilimpata fundi mzee aliyekuwa akisifika mji mzima kwa sakafu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza sakafu ni ya nani. Nikamwambia ni ya ofisi, itakuwa nje, watu wa mkoa mzima watakuja kuitazama. Nilichosema baada ya hapo ndicho kinachobishaniwa. Fundi anasema nilisema, "Piga niru." Mimi nakumbuka nilisema, "Iwe nzuri." Lakini nani Dodoma ya wakati ule angeweza kutofautisha mambo hayo mawili? Tulikuwa watu tuliokulia kwenye sakafu za udongo. Sakafu nzuri ilikuwa ile unayoiinamia ukaona meno yako.

Fundi alichimba, akapanga mawe, akamwaga zege, akazungushia ukingo mwembamba wa saruji. Nikapima upana, nikapima tena. Kisha akachanganya saruji tupu na maji na unga wa rangi nyekundu, akapiga magoti, akaanza kuivuta kwa mwiko wa chuma, taratibu, akirudi kinyumenyume mpaka akatoka nje ya duara bila kuacha alama hata ya goti. Sijawahi kuona kazi kama ile. Wahudumu wa ofisi walipoiona wakaona aibu kuiacha hivihivi. Siku iliyofuata walikuja na polishi na vipande vya blanketi, wakaisugua mpaka mawingu yakaonekana ndani yake.

Mvua haikunyesha siku nne. Katika siku hizo nne duara lilitembelewa kuliko mgonjwa. Mkuu wa utawala alivua viatu kabla ya kulikanyaga. Mwenzangu mmoja wa masjala aliniuliza kwa siri kama fundi anaweza kumpigia sebule. Mimi nilisimama pembeni mikono nyuma, nikipokea pongezi kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao.

Mtani alirudi Jumatatu. Alikuja kiwanjani na begi lake la safari, akalizunguka duara mara moja. Akaenda bombani, akarudi na kikombe cha bati kimejaa maji, akayamwaga katikati. Maji yalitambaa mpaka kwenye ukingo, yakakaa, kwa kuwa ukingo haukuwa na pa kuyatolea.

"Mtani, karatasi yako iko wapi?"

Nilikuwa nimevaa viatu vya mtumba vya soli ya ngozi, vya kutoka nchi wanazotembea juu ya mazulia. Wafanyakazi walishaanza kutoka ofisini, wengine na vikombe vyao vya chai. Nikaingia. Nikazunguka kama nilivyomwona yeye akizunguka, angalau mwanzo wake. Sikuanguka mara moja. Kwanza niliondoka, kisha viatu vikaondoka, kisha tukakutana chini wote.

"Moja," alisema. "Bado moja."

"Mtani, si umeona?"

"Nakala iko kwenye faili."

Ya pili nilianguka upande wa pili, kwa hiyo sikuweza kukaa vizuri juma zima kwa upande wowote. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mhudumu mmoja alikimbia kuangalia kama nimekwaruza sakafu.

"Hii si sakafu," mtani akasema, "huu ni mlenda."

Nikacheka na mimi, nikiwa bado chini. Kutoka pale chini nikaona kitu ambacho waliosimama hawakukiona. Yeye hakuwa anacheka. Mkono wake ulikuwa umeshika goti, kama mtu anavyomshika mtoto karibu na barabara. Mchujo ulikuwa umebakiza siku nane.

Siku ileile nikaenda kwa fundi. Nikamweleza kwamba sakafu inatakiwa ikwaruzwe. Akaniangalia kama nimemwambia amtie kovu bibi harusi.

"Tangu nishike mwiko sijawahi kurudi kwenye sakafu niliyoimaliza ili niiharibu. Tafuta mwingine."

"Mzee, hakuna mwingine."

"Basi na iteleze."

Nilibembeleza, nilitishia, nilisimama nikajifanya naondoka, mbinu ambayo sokoni hunipa punguzo kila mara. Aliniacha niondoke. Ilibidi nirudi mwenyewe kuchukua kofia yangu niliyoisahau.

Kesho yake nilikwenda na mtani. Alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," naye akaitikia kwa furaha, wakaulizana habari za mvua na za ng'ombe mpaka nikaona sisi wa ugavi tuna haraka zisizo na maana. Kisha akamuuliza kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Mzee, kwenu uwanja wa kupuria mtama mnautengenezaje?"

"Unapigwa udongo, unapakwa mavi ya ng'ombe, unaachwa ukauke."

"Mnaung'arisha?"

"Ung'arishwe wa nini? Mtu anasimama pale na fimbo, anapura kwa nguvu zake zote. Akiteleza atampasua mwenzake kichwa."

Mtani akakunja gauni kidogo, akamwonyesha goti. Kovu halikuwepo, ila goti lenyewe lilikuwa nene kuliko la pili, na mtu yeyote angeliona.

"Na mimi ni mpuraji," alisema. "Ila napura kisahani."

Mzee alilitazama goti. Kisha akanigeukia mimi, si yeye. "Kwa nini hukuniambia mtu atasimama kwa nguvu? Uliniambia watu watakuja kuitazama."

Niliomba radhi, mara mbili.

Alikubali, lakini kwa sharti. Lazima pabaki mahali pa niru, pa kuonyesha kazi yake, maana mji mzima ulishajua kwamba ile ni sakafu yake. Nikapendekeza kipande cha mbele ya duara, ambako sheria inamkataza mrushaji kukanyaga. Niliona ni akili sana.

"Na nikivuka?" mtani akauliza.

"Ukivuka ni kosa, hawapimi."

"Kosa ni la kufutiwa mtupo, mtani, si la kuvunjika mguu."

Nikakumbuka ule mfuko uliopungua kidogo. Kulikuwa na nusu yake haijatumika, niliihesabu tena kuhakikisha. Tukakubaliana fundi ajenge kibaraza cha kukalia pembeni, mbali na duara, akipige niru mpaka roho yake itulie. Hapo ndipo alipochukua patasi.

Kwanza tuliiondoa polishi kwa majivu, mchanga na maji ya moto. Wahudumu walisaidia, huku wakisikitika waziwazi. Kisha mzee akaanza kudonoa, nyundo juu ya patasi, kishimo kimoja, upana wa kidole, kishimo kingine, duara zima. Kila pigo alikuwa akitoa sauti ndogo kooni. Upande wa chini akakata ukingo ili maji yapate njia. Mimi nililifunika duara kwa turubai la yule wa Kondoa na kuweka mawe sita. Nikaweka na gunia la kufutia miguu, kwa sababu mtani alinifundisha kwamba duara likiwa zuri namna gani, tope unaloingia nalo chini ya kiatu ndilo litakalokuangusha. Mhudumu mmoja aliniuliza kama siku yenyewe apake polishi kidogo tu, ya heshima. Nikaifungia polishi stoo na ufunguo nikatembea nao.

Siku ya mchujo mvua ilianza alfajiri na haikuwa na mpango wa kuondoka. Warushaji kutoka ofisi nyingine walikuja wamejifunika mifuko ya nailoni, mmoja mpaka kutoka kwenye bwawa la Mtera, akasema amezoea maji lakini si ya juu. Tukaondoa turubai, tukafagia, mvua ikalowesha duara kama kawaida yake. Mwamuzi akaita jina la kwanza.

"Subiri kidogo," mtani akasema, na akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Faili alikuwa ameliacha ofisini, karatasi alikuja nayo. "Kuna mtu anatangulia."

"Mtani, mbele ya mkoa mzima?"

"Na viatu ni vilevile, nimeviangalia."

Nikafuta miguu kwenye gunia, mara mbili. Nikaingia. Mvua ilikuwa inanipiga usoni na nilisikia mwamuzi akiuliza kama na mimi ni mshindani. Nikazunguka. Soli ya ngozi ilikwaruza ile saruji, ikang'ang'ania, kisigino kikabaki pale nilipokiweka. Nikazunguka ya pili kwa kasi zaidi, ya kujionyesha, nikasimama. Watu wa ofisi yangu walipiga makofi, nadhani wengine kwa kukata tamaa.

Zamu yake ilipofika alirusha mtupo wa kwanza kwa woga, nusu mzunguko tu, kisahani kikaanguka karibu. Wa pili alizunguka vizuri akavuka ukingo wa mbele, ikawa kosa, lakini alivuka akitembea, akasimama kwenye tope kwa miguu yote miwili. Aliitazama miguu yake pale. Nadhani ni hapo alipoamini.

Wa tatu alizunguka kama hajawahi kuumia. Kisahani kilitoka, na yeye akabaki juu ya mguu ule, wa goti lile, mwingine ukiwa hewani nyuma yake. Sijui ni muda gani. Kisha akaushusha mwingine polepole, akageuka, akatoka kwa nyuma kama sheria inavyotaka.

Waamuzi wakapima. Alikuwa wa pili, amempita wa tatu kwa kiganja kizima. Watu wakaruka. Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ukatangulia: "Pimeni tena."

Wote wakanigeukia. Mwamuzi akasema si kawaida, lakini futi kamba ilikuwa imelegea, akakubali. Wakapima tena. Safari hii alikuwa amempita wa tatu kwa vidole viwili.

"Tatu si lazima," mtani akasema kwa haraka. "Mwamuzi, andika. Huyu ukimwachia anipime mara ya tatu, nitabaki Dodoma."

Mwamuzi akaandika.

Kwenye kibaraza fundi mzee alikuwa amekaa tangu asubuhi na koti lake la sikukuu, mwavuli juu, akimweleza kila aliyepita kwamba kazi yake ni hii hapa, ile pale wameiharibu wenyewe. Alipomwona mtani anakuja, akajisogeza, akaifuta niru kwa kiganja.

"Kaa, mama. Kaa upumzike."

"Asante, mzee," alisema, mvua ikimtiririka, goti limenyooka. "Acha nisimame kwanza."